Dawa Haiambiwi Asante

Kajiado,
6 Juni 1999

Kwako Susu,

Salamu nyingi kama changarawe ya hii shule yetu. Natumaini goti limekuachilia na yule jogoo mkorofi bado yuko hai. Mimi nilitaka kuandika "niko mzima." Nimeandika hivyo mara tatu na nikararua karatasi. Leo nasema ukweli.

Susu, naumwa mahali mkojo hukaa. Si maumivu ya mwezi, hayo nayajua. Hii ni kama kaa la moto limefungwa kwa kitambaa. Kibofu kikijaa kidogo tu, kaa linawaka. Nikienda choo linatulia dakika kumi, kisha linaanza tena. Ni tangu Februari. Darasani naomba ruhusa mpaka wasichana wameniita Mheshimiwa. Nikisimama tu wanapiga meza: "Mheshimiwa ana mkutano! Mpisheni!" Mimi hucheka nao. Nikifika choo silii, nasimama tu nikiangalia ukuta.

Zahanati wamepima mkojo mara tatu, hakuna viini vya ugonjwa. Wamenipa vidonge hata hivyo, na hakuna kilichobadilika. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Muthama, aliniambia mbele ya watu, "Kalunde, una mtoto tumboni ama una uvivu kichwani?" Wakanipima mimba. Hakuna. Hata hakusema pole.

Sasa amesema hivi: mtihani wa KCSE wa kumaliza shule ni Oktoba, na mtu wa kutoka kila saa ataonekana mwizi wa mtihani. Nisipokuwa nimepona Septemba ikiisha, nirudi nyumbani, nifanye mwaka ujao. Susu, nikirudi nyumbani sitarudi tena, unajua vile mambo ya Mama yalivyo huko kiwandani. Nimeacha kunywa maji ili nisiende choo. Bado naenda.

Barua hii nimempa Parmuat, mtoto wa Koko Namunyak jirani yako, akileta mbuzi sokoni. Barua za posta Madam hufungua. Tafadhali usimwambie Mama.

Mimi mjukuu wako,
Kalunde


Kitengela
20/6/1999

Kwa mjukuu wangu Kalunde,

Wakya? Nimekusikia ukijibu salamu, "aa", kutoka hapa. Jogoo yuko, amemdonoa mtu wa kanisa. Goti ni lile lile.

Nimesoma barua yako pole pole, mimi peke yangu, sikumwita mtu anisomee. Walimu wa gumbaru, masomo ya watu wazima, walifanya kazi nzuri.

Usilie. Hiyo kitu naijua. Parmuat amebeba kifurushi. Ndani kuna gome la mti, Wamaasai wanauita osokonoi. Chemsha, weka kwa themosi, kunywa asubuhi na jioni. Ni kali kama pilipili, usiogope, ukali ndio unafukuza. Pia kuna malimau kumi. Kamulia moja kwa maji moto kila ukiamka, limau linaosha.

Sasa sikiliza kanuni ya dawa. Dawa ya mti haiambiwi asante. Ukisema asante umeifukuza. Usiseme asante kwangu, wala kwa Parmuat, wala moyoni. Ukinyamaza nitajua imekubali.

Ni mimi Susu yako,
Kavata


Kajiado,
18 Julai 1999

Kwako Susu,

Salamu. Huku upepo ni mwingi, vumbi mpaka kwa uji. Tumeanza mtihani wa mok, ule wa kujipima kabla ya KCSE. Kiswahili nimefanya vizuri, Hesabu Mungu anajua.

Kile kifurushi kilifika. Sina lingine la kusema.

Mjukuu wako,
Kalunde


Kitengela
25/7/1999

Kalunde wangu,

Nimesoma mahali umesema huna la kusema, nikapiga magoti nikaomba. Imekubali! Nilijua. Nimeongeza gome, mara mbili ya lile la kwanza, na malimau ishirini. Ukifunga shule uje tumalizie pamoja, mimi na wewe, kikombe kwa kikombe.

Susu yako


Kajiado,
12 Septemba 1999

Kwako Susu,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri. Keti kwanza. Hii barua nimeibeba tumboni tangu Agosti.

Tulikaa wiki tatu nyumba moja. Kila asubuhi uliniwekea kikombe, ukakaa mbele yangu na chako, ukaniangalia mpaka nikamaliza. Kila asubuhi nilimaliza. Halafu nilienda nyuma ya boma la mbuzi nikainama nikishika mti wa ua, kwa sababu lile kaa sasa lilikuwa moto kamili. Ulipouliza, "Unasikiaje?" nilinyamaza. Wewe ukatabasamu. Ningesema nini? Ulikuwa umetembea na goti hilo mpaka kwa Koko kuleta magome. Na ulisema kunyamaza ni dalili.

Susu, haikukubali. Haikukubali hata siku moja.

Niliporudi shule nilianguka paredi. Wakanipeleka hospitali. Nesi anaitwa Sista Nakhumicha, mtu wa kuongea kwa sauti kubwa, niliogopa wodi nzima itasikia. Lakini alifunga mlango. Akauliza nakunywa nini. Nikasema maji kidogo. "Na nini ingine?" Nikasema chai. "Na nini ingine, mama?" Nikaangalia mlango kama umefungwa kweli. Halafu nikataja gome na limau.

Hakunicheka. Hakusema dawa za miti ni ushenzi, nilikuwa nimejiandaa kugombana naye juu yako. Alisema, "Sijui kama ni hiyo. Tuulize mwili wako." Akanipa daftari. Niandike kila ninachokula na kunywa, na uchungu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Wiki moja na gome na limau, nusu ya kipimo chako. Wiki moja bila. Nikizidiwa niache siku hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza ilikufa siku ya tatu. Nakunakilia:

Jumatatu: gome, limau, chai ya rangi. 8.
Jumanne: gome, limau. 9.
Jumatano: gome, limau. 9. Nimeacha.

Wiki ya pili:

Jumapili: maji kidogo kidogo siku nzima, uji. 6.
Jumanne: maji, githeri. 5.
Ijumaa: maji. Chupa ya maji moto juu ya tumbo. 4.

Sista anasema kuna watu kibofu chao huuma bila viini, na haina dawa moja ya kumaliza. Inatulizwa tu, na kila mtu atafute kinachomchoma yeye. Nisiache maji, mkojo ukiwa mzito ndio unachoma. Nikisikia haja nisikimbie, nihesabu pumzi ishirini kwanza.

Wiki mbili zimebaki nijue kama Madam ataniacha nifanye mtihani.

Umenilea, na sasa nakuambia dawa yako inaniunguza. Unisamehe.

Kalunde


Kajiado,
3 Oktoba 1999

Susu,

Parmuat amekuja sokoni mara tatu na mkono mtupu. Leo nimemuuliza kama uko mgonjwa. Amesema, "Yuko. Anakaa tu nje anaangalia." Nikamuuliza anaangalia nini. "Sasa mimi nitajuaje? Anaangalia."

Septemba imeisha na Madam bado hajaamua. Kama umekasirika, nitukane. Lakini andika.

Kalunde


Kitengela
10/10/1999

Kwa mjukuu wangu Kalunde,

Wakya. Mimi si mgonjwa. Mimi sikukasirika na wewe. Mkono ndio ulikataa kalamu.

Nilichukua ile karatasi yako ya namba nikaenda kwa Koko Namunyak. Nilienda kumgombeza. Nikamwambia, "Gome lako limechoma mtoto wangu kibofu."

Akaweka kibuyu chini. "Kavata, kibofu gani? Mimi nimekupa gome la kifua."

Nikasema ndiyo, la kifua.

"Mtoto anakohoa?"

Nikasema hapana.

"Sasa wewe mama una wazimu? Mtu anaumwa huku chini unampa dawa ya huku juu? Na ile kali hivyo! Hata mbuzi nisingempa!"

Kalunde, sasa na mimi nakuambia ukweli, kwa sababu wewe ulianza. Hilo kaa la moto nimekuwa nalo tangu tuhamie hapa Kitengela, mwaka wa sabini na sita. Nilienda kwa Koko wakati huo, tukiwa bado hatujuani. Mumewe alikuwa amekaa hapo. Nikashindwa kutaja mahali. Koko akauliza, "Unaumwa wapi?" Nikashika kifua. Akanipa dawa ya kifua. Nilipomaliza nikarudi, nikashika kifua tena. Miaka ishirini na tatu nimeshika kifua. Hata ya kwako nilipoenda kuomba, kwa kukufichia aibu, nilishika kifua.

Nilimwambia Koko haya yote. Akauliza, "Na hiyo miaka yote ilikusaidia?"

Nikanyamaza, Kalunde. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Nilikuwa nimenyamaza vizuri sana mpaka kila mtu alijua nimepona. Mpaka na mimi.

Yeye alilia, mimi nikalia, halafu akaanza kucheka akinionyesha kidole: "Watu wote wa hapa wanajua Kavata ana kifua kibaya! Kanisani wanakuombea kifua!" Tukacheka mpaka mbwa akabweka.

Amesema kwa kibofu hatoi kitu kikali. Jiwe la moto lililofungwa kwa kitambaa, basi, kama hiyo chupa yako. Na wewe uendelee kumuona huyo Sista.

Usikunywe tena gome. Limau weka kwa samaki.

Mwambie Madam aniite shuleni. Nitaongea. Nimejifunza.

Susu yako,
Kavata


Kajiado,
7 Novemba 1999

Kwako Susu,

Natumaini u mzima, na kama si mzima niandikie hivyo.

Sikuhitaji kukuita. Sista Nakhumicha aliandika barua, nikaipeleka ofisini mimi mwenyewe. Madam aliisoma mara mbili. Akasema, "Kwa nini hukueleza?" Nikamwambia, "Madam, nilieleza." Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Akaniwekea dawati karibu na mlango.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Kiingereza. Dakika ya arobaini kaa likaanza. Nikahesabu pumzi ishirini, nikahesabu tena. Kwa saa ya pili nikainua mkono. Msimamizi akanisindikiza mpaka mlango wa choo, akanisubiri, nikarudi. Nilipopita, mmoja nyuma akanong'ona, "Mheshimiwa." Nikaketi nikaandika mpaka kengele. Namba ya siku hiyo: 5. Imebaki mitihani saba.

Gome lililobaki nimelirudisha kwa Parmuat. Nimemwambia asante. Na wewe Susu, asante. Nasema kwa sauti, na moyoni, na kwa wino. Kama ni dawa iende. Lakini wewe bado nakushukuru.

Kwa hiki kifurushi nimekuwekea daftari, na kalamu.

Mjukuu wako,
Kalunde


Kitengela
21/11/1999

Jumatatu: chai ya rangi, limau. 8. Usiku mara sita.
Jumanne: chai ya rangi. 7.
Jumatano: maji, uji. 7. Jogoo amenikasirisha.
Alhamisi: maji, ugali, maziwa. 6. Koko ameleta jiwe.
Ijumaa: maji. 6.
Jumamosi: maji. 5. Nimemwambia mama yako naumwa. Ameuliza wapi. Nimeshika mahali penyewe.

Susu yako