Baba Mkwe Ndani ya Karavani

Kemunto wangu, nisamehe kuchelewa kujibu. Mtoto anaota meno, silali. Huku Mosocho tu wazima.

Unauliza kama uende na wakwe zako wikendi ya karavani huko mashambani Uingereza. Nimechanganyikiwa. Watu wana nyumba ya mawe, wanaiachaje wakalale wote katika chumba cha magurudumu? Na baba mkwe alale nyuma ya pazia tu! Kwetu baba mkwe kulala chumba kimoja na mke wa mwanawe ni mwiko.

Nilipoolewa, upepo uling'oa paa letu, tukahifadhiwa kwa wakwe. Baba mkwe alichukua blanketi akaenda kulala jikoni.

"Lala, mama," aliniambia. "Mimi na moshi tunajuana."

Nililia, hata sijui kwa nini.

Baba mkwe wako labda hajui mwiko huu. Nenda, lakini ombeni hema lenu. Nahitaji unitumie picha ya vitanda, picha ya pazia, na uniambie atakavyokujibu mzee kuhusu hema.

Shangazi yako