Kikopo Kisicho na Lebo

Suwon, 11 Machi 1996

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Hayo magoti yako yanaendeleaje? Maji moto ya hamamu yanayasaidia au ndiyo yanayamaliza? Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Kuanzia shingoni kwenda juu ndiko kwenye taabu.

Chunusi zimerudi, na safari hii zimekuja na ukoo mzima. Mashavu, kidevu, mpaka kwenye taya. Nyingine ngumu kama punje zilizozikwa chini ya ngozi, nikilala ubavu zinauma. Nilidhani haya ni mambo ya sekondari, kumbe hata mwalimu wa chekechea hayamwachi.

Juzi mtoto mmoja darasani kwangu, Na-rae, alinishika shavu akaniuliza, "Mwalimu, mbu wa kwenu ni wakubwa eeh?" Nikacheka. Lakini jana Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Kuna mzazi amepiga simu kuuliza kama ugonjwa wangu unaambukiza. "Mimi najua hauambukizi," akasema huku anatazama dirishani, "lakini wazazi ndio wanaotuletea watoto." Nikamjibu, "Nimeelewa." Nimeelewa nini, Mama? Hata sijui.

Nakuandikia kwa sababu simu iko chumbani kwa mwenye nyumba, na nikiongea yeye haondoki. Sitaki anisikie nikilia kwa ajili ya chunusi.

Binti yako,
Hye-ok

*

Gunsan, 17 Machi 1996

Hye-ok mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, siku za mvua yanaamka kabla yangu. Unakula? Supu ya mwani ipike mwenyewe, usile vya barabarani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu cha kusugulia wateja hapa hamamuni, mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba. Ngozi hiyo ni ya marehemu baba yako. Yeye alikuwa na mashimo uso mzima, lakini alikuwa mwanamume, hakuna aliyempigia bosi wake simu. Na mimi nilikuwa nakuita "keki ya maharage" mbele ya wageni, kwa ajili ya vipele vyako. Nilidhani unacheka pamoja nasi. Sasa najiuliza.

Basi sikiliza. Unamkumbuka Mama Chang-gi, shemeji yake bosi wetu wa hamamu? Siku hizi anauza krimu yake mwenyewe. Binti yake alikuwa na chunusi kukuzidi. Leo uso wake ni yai lililomenywa. Nimemuuliza imetengenezwa na nini. "Mitishamba mitupu, dada, kutoka milimani. Hata mtoto mchanga unampaka." Kikopo ninachokutumia pamoja na barua hii hakina maandishi wala lebo. Vitu vizuri havina matangazo. Paka kidogo kila asubuhi na jioni, na unga wa choroko endelea kunawia.

Mama yako

*

Suwon, 9 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya Mama Chang-gi! U mzima? Mimi natamani ungeniona.

Siku ya tatu tu wekundu ulianza kufifia. Sasa uvimbe umelala. Jana nimekwenda kazini bila kupaka poda, na mwalimu mwenzangu kanizuia mlangoni: "Wewe nani? Hye-ok yuko wapi?" Wazazi wananisalimia wakinitazama usoni. Hukujua kwamba walikuwa wananisalimia wakitazama viatu vyangu, eeh? Hata mimi sikujua mpaka walipoacha.

Nitumie tena, kama vipo viwili ni bora. Kuna mtu kaniomba, nami nimeona aibu kumnyima.

Nilikuwa naamini nimezaliwa na uso mbaya, Mama. Kumbe ulikuwa unasubiri dawa yako tu.

Binti yako mwenye furaha,
Hye-ok

*

Gunsan, 15 Aprili 1996

Mwanangu,

Marahaba mara tatu. Mimi sijambo, na leo hata magoti yamenyamaza kwa heshima yako.

Vikopo hivyo hapo, vifungue vizuri. Picha uliyoniwekea kwenye bahasha nimeibandika kwenye kabati langu hamamuni. Kila anayekuja kusuguliwa namwonyesha: "Mwone huyu, mwezi uliopita alikuwa analia." Mama Chang-gi anasema mimi ni tangazo lake linalotembea. Nusu ya wateja wangu wamenunua. Binti wa muuza samaki, bibi wa duka la tofu, na yule bi harusi mtarajiwa anayejisugua mpaka anachubuka. Ukipata nafasi njoo, waone kwamba sidanganyi.

Mama yako

*

Suwon, 20 Juni 1996

Mama,

Natumaini u mzima.

Krimu iliniishia mwishoni mwa Mei. Kufikia siku ya nne uso wangu ulikuwa unawaka kama nimeumwagia maji ya pilipili. Chunusi zimerudi ndogondogo, nyekundu, mamia, zote zimefanana, na zingine zina usaha. Zimetoka hata pale ambapo sikuwahi kuwa na chunusi. Maji ya kawaida yananiunguza. Kwenye mashavu vimishipa vinaonekana.

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Nilimpa kikopo kilichokuwa na masalia kidogo, akakipeleka kupimwa. Hakuna mitishamba humo. Ni dawa kali ya steroidi, ile inayopakwa kwa maagizo ya daktari, kidogo, tena si usoni. Inanyamazisha wekundu huku inaichakaza ngozi. Ukiiacha, vyote vinarudi na riba. Nilimwambia nina aibu. Akasema, "Aibu ya nini? Vijana wanaopita mlango huu karibu wote wana chunusi, na wengi wameanzia kwa krimu ya jirani." Ningemwendea tangu Machi, angenipa vidonge na jeli ya chunusi, leo ningekuwa nimepona. Sasa inabidi kwanza atibu ulichonitumia wewe.

Ulisema mitishamba mitupu. Uliniambia kama mtu anayejua.

Usinitumie kitu chochote tena. Na usije.

Hye-ok

*

Gunsan, 25 Juni 1996

Mwanangu Hye-ok,

Sijui nikuulizeje hali, maana umeshaniambia.

Baada ya kusoma nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Chang-gi. Nilimkuta anamenya vitunguu saumu. Nikamsomea maneno ya daktari. Hakuinua uso. Akasema, "Binti yako ameacha ghafla, kosa lake. Angeendelea."

"Aendelee mpaka lini?"

"Wewe ndiye uliyebandika picha, Sun-rye. Mimi sikumbandika mtu."

Kweli, ni mimi. Sikuuliza mara ya pili kwa sababu sikutaka kusikia jibu. Nilitaka uwe mzuri, na nilitaka iwe kwa mkono wangu.

Nisamehe. Ukishindwa, basi nieleze tu kama maji bado yanakuunguza.

Mama yako

*

Gunsan, 14 Julai 1996

Hye-ok,

Hujajibu, na haki ni yako. Mimi nakujulisha tu.

Picha nimeibandua. Nimepita nyumba kwa nyumba kwa wote niliowasifia, nikawaambia waende kwa daktari kabla ya kuacha, maana nimeogopa nao watawaka kama wewe. Bibi wa tofu alinishukuru. Mama wa bi harusi alinifukuza: "Harusi ni mwezi ujao, unatuletea mkosi!" Binti wa muuza samaki alitoka akiwa amejifunika uso kwa kitambaa. Akafunga mlango taratibu. Nilitamani anitukane.

Halafu nikaenda ofisi ya afya na kikopo changu. Kijana wa mapokezi akaniuliza, "Unamshtaki nani?" Nikamwambia aandike majina mawili, la Mama Chang-gi na langu. Akasema la kwangu halihitajiki. Nikamwambia liandike.

Watu wa ofisi hiyo walikuja kumpekua Mama Chang-gi. Kesho yake bosi akaniambia nikachukue taulo zangu. "Umemwaga mchanga kwenye wali wa familia yangu." Wenzangu walikuwa wanavaa, kila mmoja akawa na kifungo cha kufunga. Usinionee huruma. Kuna kazi ya kumenya kamba wa baharini sokoni, nakaa kwenye kiti.

Mama yako

*

Gunsan, 8 Agosti 1996

Hye-ok,

Joto hili unalivumiliaje?

Uliniambia nisije, nami nilikuja Suwon. Ilikuwa Alhamisi. Nilisimama nyuma ya uzio wa shule, upande wa mabembea. Ulikuwa umevaa kofia pana, umewageuzia wazazi mgongo wanapochukua watoto. Nilikuletea pichi mbivu. Nikaona nikikuita utageuka, na watu wote watakuona. Nikazila mwenyewe kituoni, hazikuwa na ladha.

Sitakuja tena mpaka uniite.

Mama yako

*

Suwon, 16 Septemba 1996

Mama,

Shikamoo. Magoti yako? Barua zako zote nimezisoma, zingine nikiwa nimesimama mlangoni hata kabla ya kuvua viatu.

Uso wangu unapoa polepole. Maji hayaniunguzi tena. Daktari anasema makovu machache yatabaki, mengine yatakwenda na muda. Lakini si hilo lililonifanya ninyamaze.

Aprili nilikuambia kuna mtu kaniomba krimu. Alikuwa mama yake Na-rae. Mtoto ana ngozi kavu, anajikuna mpaka damu. Mama yake aliona uso wangu akaniuliza, nami nikaona fahari. Yeye ndiye aliyekuwa amempigia simu Mwalimu Mkuu. Nikampa kikopo kimoja kati ya vile viwili ulivyonitumia, na kile cha pili pia. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Hata mtoto mchanga unampaka."

Daktari aliponieleza, nilitoka pale nikijua. Nilijua na nikarudi darasani, nikamwona Na-rae na mashavu yake mekundu, nikamfundisha wimbo wa sungura. Kila siku nilisema nitamweleza mama yake kesho. Nikakuchukia wewe, Mama, kwa sababu nikikuchukia wewe nilikuwa napata usingizi. Ulipoandika kwamba umekwenda ofisi ya afya ukataja jina lako, niliichana barua ile. Halafu nikaiunga kwa gundi.

Juzi nimekwenda kwa kina Na-rae. Mama yake alinikaribisha, akaanza kumenya tunda. Nikamweleza yote. Kisu kikasimama.

"Umejua lini?"

"Juni."

"Juni," akasema. "Na mwanangu alikuwa mbele yako kila siku."

Hakupiga kelele. Alimwita Na-rae, akamgeuzia shavu lake dirishani ili nilione vizuri. Ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, vimishipa vimesambaa, na kuzunguka mdomo vipele vitupu. Mtoto akanitabasamia, akauliza, "Mwalimu, na mimi nimeng'atwa na mbu wako?"

Mama yake amempeleka hospitali. Wanasema ni mdogo, ngozi yake itajirudi, lakini itachukua muda na atateseka kwanza. Amemhamisha shule. Mwalimu Mkuu nimemweleza pia, bado hajaamua kuhusu mimi. Akiniondoa sitabisha.

Sikukuu ya mavuno imekaribia. Naomba nije nyumbani. Nataka kukuomba msamaha nikiwa mbele yako, na nataka uniambie umenisamehe, maana sina mwingine wa kuniambia.

Binti yako,
Hye-ok

*

Gunsan, 20 Septemba 1996

Hye-ok mwanangu,

Marahaba. Njoo. Chumba nimeshakiwashia moto wa chini ya sakafu, mchele mpya umeletwa, na huna haja ya kuvaa kofia.

Barua yako niliisoma sokoni, nikaichafua kwa maji ya kamba, lakini pale penye jina la mtoto panasomeka. Krimu ile ilianzia mkononi mwangu. Wewe ulimkabidhi mama yake, na mimi nilikukabidhi wewe. Baada ya sikukuu tutapanda basi pamoja mpaka Suwon. Nitapiga magoti mlangoni kwao, haya haya mabovu, hata kama hawatafungua. Tutauliza hospitali ni ipi, na tutakuwa tunakwenda kila anapopelekwa, tukae nje kama hawatutaki ndani.

Ila msamaha usiniombe, na mimi nimeacha kukuomba. Tukisameheana sisi wawili hapa jikoni, tutashiba, tutalala vizuri, na mtoto bado atakuwa anajikuna. Tungoje. Akipona yeye, ndipo tuambiane.

Vaa nguo nzito, asubuhi kuna baridi.

Mama yako