Maziwa ya Mama Libérata

Kirolirwe, Alhamisi

Kaka Muhindo mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako Kasoki. Hujambo huko Pinga, wewe na duka lako? Sisi tunapumua, ila mimi situlii. Barua hii naianza mara ya tatu, na mwenye pikipiki atakayeibeba anapiga honi nje.

Umesikia kwamba nilianguka kwenye fainali. Nilikuwa naukimbilia mpira, moyo ukaanza kurukaruka, macho yakaingia giza. Nilipozinduka, Mama alikuwa analia, Papa anapiga kelele, akiyalaumu maziwa: « Wamemupa sumu! Njo ile maziwa! » Kabla ya mchezo nilikunywa kikombe kwa Mama Libérata, jirani yetu anayeuza maziwa. Alionja mwenyewe kwanza, kama ilivyo desturi, lakini hakuna aliyetaka kusikia. Tangu siku hiyo hauzi hata tone. Papa amemwambia ahame kabla ya Jumamosi.

Jumatatu nilidanganya kwamba nakwenda Goma kununua kitambaa, nikaenda hospitali. Daktari alinibandika nyaya kifuani, akaisoma karatasi ya mapigo. Alisema moyo wangu unapoteza mwendo wake ninapokimbia, na nisikimbie kabisa mpaka nitibiwe, la sivyo naweza kufa uwanjani. Akauliza kama ilikuwa mara ya kwanza. Nililia.

Kaka, haikuwa mara ya kwanza. Nilizimia mara mbili mazoezini, hata kabla sijayaonja maziwa yale. Niliwaapisha wenzangu wanyamaze, maana kocha angenitoa kwenye timu. Papa alipomtaja Mama Libérata, nilijua kabisa, na bado nikanyamaza. Naona aibu. Jana mama huyo alinikuta kisimani, akaniuliza kama nimepona.

Basi kesho asubuhi, wateja wa Papa wakiwa wengi, nitamwomba kikombe mbele ya duka letu. Safari hii nitaonja mimi kwanza. Kisha nitampa Papa karatasi ya daktari na kumwambia yote. Atafoka, najua. Wewe anakusikiliza, kwa hiyo ukipata rezo ya simu mpigie, hata kama barua itachelewa kukufikia. Na daktari anataka ndugu zangu wote wapimwe, usipuuze.

Wasalimie mke wako na watoto, na Mungu awalinde njiani na nyumbani. Nikianguka kesho na kikombe mkononi, waambie ni moyo wangu, si maziwa.

Mdogo wako,
Kasoki