Servisi ya Mwisho

Kaneza, leo Jumanne 13 Mei, mvua tangu asubuhi, na mimi nimeaibika.

Gari limezimika kwenye robot, zile taa za barabarani, likavutwa hadi gereji moja mtaa wa Clairwood. Fundi akaniuliza, "Mama, servisi ya mwisho ilikuwa lini?" Mimi nikadhani anauliza "service" ya kanisani, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule ya jioni: "Jumapili, na mchungaji alihubiri vizuri."

JUMAPILI, Kaneza! Gereji nzima ilicheka. "Eish mama, nauliza oili ya giaboksi!"

Kumbe giaboksi yangu ya otomatiki iko na klachi mbili ndani, na oili haijawahi kubadilishwa. Zimeungua. Kuzibadilisha ni twelve thousand rand, elfu kumi na mbili!

Nilicheka nao. Ila tangu uhamie Joburg sina hata wa kumpigia aje anichukue.

Fundi akasema, "Uza tu kama chuma chakavu." Nikatamka mbele yao wote: "Mungu ananisikia. Nitalitengeneza, na Krismasi nitaliendesha mpaka kwa Kaneza."