Friza ya Novemba

Magogoni, Kisauni
13 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mansur ana mafua kidogo lakini ananyonya vizuri, na siku hizi husimama akishika ndoo. Wewe je, miguu imepunguza kuvimba? Na masikio? Nilipokupigia simu juzi ulisema "nani, sema kwa nguvu" mpaka salio likaniishia, basi nimeona bora nirudi kwenye kalamu. Barua atakuletea Ruwa, dereva wa pikapu ya maji ya chupa, maana hushusha mzigo Likoni kila Jumapili.

Mama, zamu yangu ya kupokea pesa za chama imefika. Pesa nimezituma zote kwenye simu yako. Mwambie mwenye duka akutolee, uzifungie sandukuni. Hapa kwangu pesa haikai, leo unga, kesho jirani ana mgonjwa. Hata nikilia, usinirudishie.

Nataka kununua friza, ile ya kulala yenye mfuniko juu. Nitauza barafu za ukwaju na maji baridi, na Ramadhani ikiingia Februari mtaa wote utakuwa mlangoni kwangu. Tangu Jumaa atuache mimi na mwanawe, nafua nguo za watu, na kufua hakulipi kodi ya nyumba. Jafar, wakala wa kazi za nyumbani Saudia, ameshanitolea visa. Nimemwambia nikiwa na friza inayofanya kazi kabla ya mwaka mpya, siendi. Sitaki kumwacha mtoto, mama.

Lakini sinunui sasa. Jirani yangu Lynnette anauza kwenye duka la vitu vya umeme kule Magongo, naye anaijua misimu yao. Idd hushusha pasi na redio, Agosti simu, na friza ni Ijumaa ya mwisho ya Novemba tu. Nikinunua leo, pesa yote inakwisha. Nikisubiri, inabaki ya kuweka mita yangu mwenyewe ya umeme, kwa kuwa mwenye nyumba hataki friza kwenye stima yake. Na friza bila stima ni kabati.

Basi nitunzie mpaka siku hiyo.

Mwanao,
Saumu

---

Likoni
21 Septemba 2025

Mwanangu Saumu,

Marahaba. Mimi sijambo kwa uwezo wa Mungu, miguu ni ileile, masikio nayo ni kama yamehama nyumba. Watu hunisalimu nikawaona midomo tu.

Pesa nimezipata, nimezifunga kwenye leso ya harusi yangu, chini kabisa ya sanduku. Amana yako iko salama. Ila nina la kusema. Kwa nini usinunue sasa hivi? Joto halijui Ijumaa wala Novemba. Mtu akiwa na kiu leo, atanunua leo. Hiyo mita utaipata kwa faida.

Na habari hii ya Saudia siipendi hata kidogo. Binti wa Mwanasiti, huyu jirani yangu, alikwenda akiwa amejaa, akarudi amebaki macho. Mwambie huyo Jafar ampeleke mkewe.

Mfukizie Mansur mvuke wa majani ya mkaratusi, mafua yatakwisha. Nimbusie.

Mamako

---

Magogoni
18 Oktoba 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua imekukuta umekaa kitako na kikombe cha chai mkononi. Mafua ya Mansur yamekwisha, majani yalisaidia.

Jana nilikwenda Magongo kuiona friza kwa macho yangu. Ni nyeupe, ndefu kuliko kitanda changu, na ndani ina kikapu cha waya. Nilifungua mfuniko nikaufunga, nikafungua tena, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kisha nikaona bei imepanda. Lynnette akanivuta pembeni.

"Mama Mansur, usishtuke. Oktoba tunapandisha ili Novemba tushushe."

"Basi mnatuchezea."

"Tunawachezea, ndiyo. Lakini friza hushuka kwelikweli, chini hata ya ile bei ya Septemba. Za kuchezewa ni runinga."

Kwa hivyo tuko sawa, mama. Tuvumilie tu. Nimeshatafuta ukwaju wa jumla, na mifuko myembamba ya barafu ninayo tayari chini ya godoro.

Jafar alipita jioni. Akanikuta nafua, akasema, "Bado waota friza? Ukifika Riyadh utafungua friza ya tajiri ukutane na kondoo mzima." Nikamwambia huyo kondoo amle yeye na kwato zake. Akacheka, lakini alipoondoka alisema visa haingoji sana. Mwisho wake ni Januari katikati.

Nakumbatia magoti yako.

Mwanao,
Saumu

---

Likoni
9 Novemba 2025

Saumu wangu,

Marahaba, na ukae mkao wa kula habari njema.

Wamjua Baba Mwende, jirani wa nyumba ya mabati, aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao Kitui, na wiki hii ameuza kila kitu, vitanda mpaka sufuria. Nikapita nikaona friza. Ya kulala, yenye mfuniko, kubwa. Nikamwonyesha kwa mkono, ngapi? Akaandika bei kwenye kiganja chake. Mwanangu, ni nusu ya bei ya hao wa Magongo.

Sikuinunua kipofu. Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko, ukatoka umekufa ganzi. Mlikuwa na samaki humo ndani wamekauka kama kuni. Nikasema mwanangu asubiri Ijumaa ya nini, na huku Mungu amemletea Novemba yake mapema? Ulisema nisikurudishie pesa, hukusema nisikununulie.

Ruwa anakuletea hiyo friza pamoja na barua hii, na pesa iliyobaki nimeirudisha kwenye simu yako. Weka mita leoleo. Uza barafu zako. Na huyo Jafar mpe moja bure, atulize roho.

Nimelala vizuri jana, sikumbuki lini nililala hivyo.

Mamako

---

Magogoni
15 Novemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Friza imefika. Vijana wanne waliishusha, imeingia mlangoni kwa shida. Ahsante sana, mama. Sina la kukulipa.

Mita nayo imewekwa, imemaliza ile pesa iliyobaki. Mansur anapenda kugonga mfuniko kwa kijiko.

Nina nguo nyingi za watu leo, nitakuandikia tena. Usisahau dawa ya presha.

Mwanao,
Saumu

---

Likoni
23 Novemba 2025

Saumu,

Marahaba. Natumai mtoto hajambo.

Barua yako niliisoma, nikaisoma tena, ndani yake hamna barafu. Mtu aliyepata friza angeniambia ameuza ngapi, nani kanunua, nani kakopa. Wewe waniambia mfuniko na kijiko. Leo nikamshika Ruwa mkono, nikampa kipande cha boksi la sabuni na kalamu, nikamwambia wallahi huondoki hapa. Akaandika: *Inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, halafu inajizima. Mtaa wote unaisikia.*

Mtaa wote. Mimi nilisimama mbele yake nikaishika kwa mikono miwili.

Mtu akinunua friza huisikiliza. Hata mtoto ajua hivyo, nami nilikuwa najua zamani. Na nataka uelewe kuwa Baba Mwende si mwizi. Siku ile alizungumza maneno mengi, akazunguka akanionyesha kule nyuma kwenye mota, nami nikaitikia eeh, sawa baba, eeh. Ndivyo ninavyomwitikia kila mtu siku hizi, nisiwe kero ya kurudiwarudiwa. Nadhani aliniambia. Nadhani aliniambia yote, na mimi nikamshukuru.

Niambie fundi amesema nini. Usinifiche kwa kunihurumia.

Mamako

---

Magogoni
29 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo, na kwanza nakuomba usijilaumu. Ulitia mkono ukakuta baridi, na baridi ilikuwepo kweli. Ningekuwa mimi hapo, kwa bei ile, pengine ningefanya hivyohivyo.

Fundi amesema mota imekwisha. Hiyo baridi uliyoigusa ilikuwa ya mwisho mwisho. Mota mpya yakaribia bei ya friza, na hata akiweka, hawezi kuapa. Nilijaribu kuiwasha usiku tu, majirani wakaja kugonga. Sasa nimeweka nguo zilizopigwa pasi humo ndani. Mende hawaingii, hilo ni jema moja.

Jana ilikuwa ile Ijumaa. Sikuwa na haja ya kwenda, lakini nilikwenda. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine wamelala hapo tangu usiku. Bei ilikuwa imeshuka kama Lynnette alivyosema, kila kitu kama alivyosema. Akaniona, akanipenyeza mpaka nyuma ya majokofu.

"Nimekufichia moja. Nimeifunika boksi tangu asubuhi, nimegombana na meneja. Leta pesa haraka."

Nikamwambia iachie.

"Niiachie vipi? Si ulingoja miezi yote hii?"

"Iachie tu, Lynnette."

Alinitazama, kisha akaenda akaondoa boksi. Haikukaa. Kuna bibi mmoja wa Miritini aliikumbatia kabla haijafika mbele. Alikuwa na mwanawe, wakaanza kucheka wote wawili, na mimi nikawasaidia kuisukuma mpaka mlangoni kwa sababu nilikuwa nimesimama njiani.

Lakini bado hatujafika Januari, mama. Januari watu huuza vitu kwa ajili ya karo, bei huwa chini kuliko hata hii. Nikifua hata Jumapili, na hii ya zamani nikimpata wa kuichukua kama vyuma, huenda. Mita ipo ukutani, inangoja tu.

Mwanao,
Saumu

---

Likoni
21 Desemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Nimejaribu kuuza kitanda changu cha samadari. Wamekuja wawili, wote wakakitazama, wakasema vijana siku hizi wataka vya mbao za boksi. Simu ya Baba Mwende haipatikani, na hata ikipatikana, nitamsikiaje?

Mwanasiti ameniandikia kwamba Jafar amepita hapa kuuliza kama ni mimi nitakayebaki na mtoto. Nimeelewa, basi. Hukuniambia wewe, lakini mtu haulizwi hivyo kama safari haipo.

Sitakwambia usiende. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo Septemba, kabla sijafungua ile leso. Mlete Mansur. Uji nitampikia, nitamwogesha, nitamfunza salamu na dua za kulala. Hayo yote nayaweza.

Lakini akilia usiku, Saumu, sitamsikia. Nimekaa nayo siku nyingi, sijui nifanye nini, ndiyo maana nakwambia.

Mamako

---

Magogoni
10 Januari 2026

Mama yangu wa pekee,

Shikamoo. Tu wazima sote wawili. Kesho tutapanda na Ruwa pamoja na mtoto, basi barua hii nitakupa mkononi, maana mdomoni sitaweza na wewe hutasikia.

Ndege ni Jumatano. Wenye vitu vya Januari walikuja kweli, mama, kuna mwalimu hapa Junda alikuwa anauza friza nzuri, kimya kabisa, nilisimama karibu nayo nikaisikiliza. Lakini nilichopata kwa kufua kilikwenda kwenye kodi, na hii ya kwetu hakuna aliyeitaka. Halafu Jafar amesema nisipokwenda nimlipe gharama za pasipoti na daktari. Nikaona ni afadhali niende.

Kuhusu usiku, nimefikiri. Mlaze upande wa ukutani. Funga pindo la leso kwenye mguu wake, pindo la pili kwenye kifundo cha mkono wako. Yeye hajawahi kulia bila kurusha mguu kwanza. Nimejaribu mwenyewe nikiwa nimeziba masikio kwa pamba, na kila alipotaka kulia niliamka. Utaamka, mama. Usiogope.

Uji anapenda usiwe mzito. Akikataa, mpe kijiko akishike mwenyewe, atakula. Anaogopa pikipiki. Anapenda kuguswa hapa, nyuma ya sikio, nitakuonyesha.

Mkataba ni miaka miwili. Nimeuliza, Saudia nao wana Ijumaa yao ya Novemba, wanaiita Ijumaa Nyeupe, na vitu vya umeme hushuka sana. Novemba ya pili nitanunua friza mpya kabisa, nitaituma kwa meli, ifike kabla yangu. Nitakuwa na barafu, na Mansur atakuwa ananijua, si atakuwa na miaka mitatu tu na kitu. Watoto wa umri huo hukumbuka haraka.

Kwa vile hawezi kuja kwako akiwa ananyonya, tangu Alhamisi nimekuwa nikipaka shubiri chungu kwenye titi ili aache. Nilidhani atachukia. Leo asubuhi ameonja, uso ukamkunjamana, akanitazama mimi kama anayeuliza nani amefanya hivi, kisha akarudi kuonja tena.

Mwanao,
Saumu