Brashi ya Poda ya Shingo

Kyoto,
Novemba 14, 1931.

Mpendwa Mjomba Eizaburo,

Shikamoo. Hamjambo huko Otaru? Na kifua chako je, theluji imeshaanza kukisumbua? Mimi mzima wa mwili. Samaki wa chumvi mliyenitumia alifika salama. Nimemla na wali siku tatu, na kila tonge lilinisuta.

Nimekuwa mwoga miaka kumi, Mjomba. Leo nasema.

Unakumbuka mwaka ule studio ya filamu ilipoanza kuwaacha wanaume waliocheza nafasi za wanawake? Wewe ulikuwa umeshakuwa mke na mama katika filamu zaidi ya arobaini, mimi msichana wa miaka kumi na saba niliyekupaka poda nyeupe shingoni. Mpaka leo unadhani ni mwongozaji aliyekukataa. Aliniuliza mimi. Kamera ilikuwa isogezwe karibu na uso, akaninong'oneza, "Hatsue, wewe unamwona kwa karibu kila siku. Atafaa?" Nikamjibu, "Akimeza mate koromeo linapanda na kushuka. Watu watacheka." Yeye hakuwa ameliona. Kesho yake nikapewa nafasi yako, nikavaa kimono chako.

Nawe, badala ya kununa, ulinikaza mshipi kwa mikono yako, ukanipa na brashi yako ya poda. "Lia kwa bega, we mtoto," ukanitania, "uso waachie wasiojua kazi." Bega hilo ndilo lililonipa jina, Kyoto hadi Osaka. Magazetini nilisema nilijifundisha mwenyewe.

Sasa filamu zinasema zenyewe. Wiki jana walinisimamisha mbele ya mashine ya sauti. Nilitamka sentensi moja tu, kwa sauti yangu nene ya shambani kwetu, chumba kizima kikakohoa ili kisicheke. Nimepewa nafasi ya bibi kizee aliye bubu. Mtenda akitendwa hulalama, ila mimi sina uso wa kulalamika. Nililia tu, na hata hapo nikajikuta nalia kwa bega.

Nisalimie mkeo, Mama Tome, na binamu yangu Riichi. Mababu wakukinge na baridi.

Brashi nimeiosha, nimeifunga pamoja na barua hii. Filamu inaanza baada ya mwaka mpya. Ukinisamehe, nirudishie kabla ya hapo. Usiponisamehe, baki nayo, Mjomba. Ni yako.

Mpwa wako akupendaye, aliyekukosea,

Hatsue