Mkwe Aliyegeuza Mgongo

Jumatatu, 12 Mei

Zahanati ina wagonjwa wengi kuliko viti. Nesi yuko semina Bariadi mpaka Ijumaa. Kupima, kuchoma sindano, kufagia, vyote mimi tabibu peke yangu. Kishikwambi cha kuongea na madaktari wa mjini bado kiko kabatini. Sikipendi. Mara ya mwisho dokta mmoja alinihoji kama mwanafunzi.

Mchana kaja Nkwimba, kaletwa na baba mkwe wake, Mzee Masanja. Mume yuko mbali na ng'ombe, mama mkwe kabaki na kichanga. Kajifungua siku tisa zilizopita. Homa. Nikamuuliza kama anatokwa na uchafu wenye harufu. Akatazama mlangoni, akasema hapana. Kipimo kikasoma malaria. Nikampa dawa, wakarudi kwao.

Nimekula viazi nikiwa nimesimama. Leo hakuna hata mtu mmoja aliyeniita kwa jina langu.

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia dada yangu nyumbani Lushoto. Hakupokea. Basi.

Jumatano, 14 Mei

Saa nne asubuhi. Nkwimba karudishwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, Mzee akitembea mbele. Mikono baridi, anahema mbio, anaongea maneno yasiyoeleweka. Presha chini kabisa. Nilipofunua kanga nikapata jibu la Jumatatu. Harufu ilijaa chumba. Maambukizi ya kizazi yalishaingia kwenye damu.

Mjinga mimi! Jumatatu mzee alikaa pale pale mlangoni, anasikia kila neno. Mwanamke gani wa Kisukuma atasema mambo hayo baba mkwe anasikia? Miaka miwili niko hapa, hilo nalijua. Sikumtoa.

Nikatoa kishikwambi. Akatokea kwenye kioo Dokta Lema wa mjini. Anataka kuona anavyohema, aone tumbo, aone ngozi. Mimi mikono yote miwili inatafuta mshipa. Nani ashike? Mzee Masanja peke yake. Akakataa, mkwe wake yuko wazi. Nikamfokea mtu mzima mbele ya watu. Nikaona aibu papo hapo.

Akaingia kinyumenyume. Macho ukutani, kishikwambi kakiinua juu ya bega, kioo kinatutazama sisi. Dokta anasema, "Kushoto kidogo, baba," naye anasogea bila kugeuka. Alikaa hivyo kwa saa moja na nusu. Hakushusha.

Dripu ya kwanza. Ya pili. Dawa za mshipani, Dokta ananitajia kipimo, narudia kwa sauti. Nikamwambia na la Jumatatu. Akasema niendelee, nipime mkojo. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Saa nane gari la wagonjwa likamchukua kwenda Bariadi. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu.

Alhamisi, 15 Mei

Sina habari. Nimedeki chumba mara mbili. Akifa, ni mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimempata Dokta Lema. Aliulizia wodini: yuko hai, hali bado mbaya. Kuna kituo kingine kilikuwa kinamsubiri, akaaga. Nilitaka aendelee kuongea, hata habari za jua la huko. Nesi karudi na stori za semina. Nimeitikia tu.

Jumanne, 20 Mei

Kimya. Kila mgonjwa anayeingia na ndugu, ndugu namtoa nje kwanza, mpaka kwenye lango. Wananiona mkali. Waone hivyo hivyo.

Jumapili, 25 Mei

Jioni Mzee Masanja kaja kwa miguu. Nkwimba katoka hospitali juzi, ananyonyesha, ugali anamaliza.

Nikamwomba radhi kwa kumfokea. Nikamwambia na kosa langu la Jumatatu ile, lote. Akasema naye angejua, angesubiri kule barabarani.

Nilidhani ataondoka. Akavuta kigoda. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "huko kwenu uliacha nani na nani?"

Tangu nije hapa hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamtajia mmoja mmoja, mpaka wajomba. Hakuwa na haraka.